Chema hakijiuzi tena: Maduka ya Mji wa Kale na kauli kwa mteja

WAHENGA walinena kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi methali hiyo ndiyo iliyokuwa sera ya biashara katika vichochoro vya Mji wa Kale, kisiwani Mombasa. Muuza viungo, fundi wa kanzu, mpishi wa halua na mwenye duka la leso hawakuwa na haja ya kupiga mbiu. Waliketi barazani, mteja akapita, wakajuliana hali, na biashara ikafuata mkondo wake.

Methali hiyo, hata hivyo, ilikuwa na sharti ambalo halikutamkwa. Ilichukulia kwamba mnunuzi yuko karibu, anamjua muuzaji kwa jina na kwa ukoo, na anaweza kukikagua kile chema kwa macho na mikono yake kabla ya kutoa pesa.

Sharti hilo sasa limelegea. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Mombasa ilikuwa na wakazi 1,208,333, na wengi wao wanaishi ng'ambo ya kisiwa, kuanzia Likoni hadi Changamwe, Kisauni na Nyali. Tangu treni ya Madaraka Express ilipoanza safari zake mwaka 2017, mgeni anaweza kuondoka Nairobi asubuhi na kufika Mombasa mchana wa siku hiyo hiyo. Yuko pia mnunuzi aliyeko Muscat au London ambaye hatakanyaga Mtaa wa Biashara mwaka huu wala ujao, lakini anataka doti tatu za leso kwa ajili ya harusi ya mpwa wake, na anaagiza kwa simu.

Mteja wa aina hiyo hakioni kile chema. Anachokiona au kukisikia ni kauli ya mwenye duka: bei aliyoitaja, saa aliyoahidi, picha aliyoituma na namna alivyojibu alipoulizwa swali la pili.

Suala hili si la mapambo. Utafiti wa kitaifa wa Shirika la Takwimu nchini (KNBS) kuhusu biashara ndogo, uliotolewa mwaka 2016, ulikadiria kuwa Kenya ilikuwa na biashara milioni 7.4 za aina hiyo. Utafiti huo huo uligundua kuwa biashara zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika muda wa miaka mitano.

Sababu za kufungwa huko ni nyingi: kodi ya nyumba, ada za leseni, uhaba wa mtaji na kupanda kwa gharama. Hakuna kauli njema itakayopunguza kodi ya duka. Lakini miongoni mwa yote yanayomwelemea mfanyabiashara mdogo, mawasiliano na mteja ni jambo moja analoweza kulirekebisha mwenyewe, bila mkopo wa benki na bila kungoja serikali ya kaunti.

Kosa linalofanywa na wengi ni kudhani kwamba kuwasiliana na mteja ni kutangaza. Mwenye duka hununua bango, hufungua ukurasa wa Facebook, hutuma picha kumi kwa siku, kisha hushangaa kuona wateja hawaongezeki. Mawasiliano yenye faida huanza kwa kusikiliza, na hukamilika pale kauli iliyotolewa inapotimizwa.

Funzo la leso

Ushahidi wa hoja hiyo uko Mombasa kwenyewe, tena ni wa zaidi ya karne moja. Masimulizi yanayokubalika na wengi ni kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Pwani walianza kununua vitambaa vya mkononi vilivyokuwa vikiuzwa kwa jora. Waliviita leso, neno lililotokana na Kireno. Walikata vipande viwili vya leso tatu tatu, wakavishona pamoja, na kupata nguo moja pana ya kujifunga.

Hakuna mfanyabiashara aliyewafundisha kufanya hivyo. Wateja ndio waliobuni, na wenye maduka walioona wakaelewa, kisha wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapishwa kwa mtindo huo. Aliyeendelea kushikilia kuwa leso ni kitambaa cha kufutia jasho aliachwa nyuma.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Maneno yaliongezwa kwenye leso, na sifa ya jambo hilo mara nyingi hupewa Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887. Nguo zake zilitambulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Mwanzoni maneno yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kilatini.

Maneno hayo, ambayo wenyeji huyaita jina la leso, hayakuwa sifa za duka. Hayakumwambia mwanamke kwamba nguo hiyo ni imara au ni rahisi. Yalikuwa methali, dua, mafumbo ya mapenzi na vijembe, yaani yale aliyotaka yeye mwenyewe kumwambia mume, jirani, shoga au mke mwenza. Mfanyabiashara alisikiliza mazungumzo ya wateja wake, akayachapisha, na kuwauzia.

Ndiyo sababu hadi leo wanunuzi wengi katika Mtaa wa Biashara husoma jina kabla ya kuulizia bei. Na ndiyo sababu muuzaji anayejua kazi yake humweleza mgeni asiyejua Kiswahili maana ya maneno yaliyo kwenye leso aliyoichagua kwa uzuri wa rangi. Mgeni anayempelekea mama mkwe zawadi yenye kijembe ataaibika, na lawama itamrudia aliyemuuzia akanyamaza. Maelezo ya dakika moja yanalinda jina la duka kuliko bango lolote.

Salamu na neno "nipe"

Katika Mji wa Kale, biashara huanza kwa salamu. Mtu haingii dukani akaulizia bei moja kwa moja. Husalimu, huulizwa hali ya nyumbani, ndipo hutaja haja yake. Anapoomba bidhaa husema "naomba unipatie" au "nitazamie". Kwa mwenyeji, huo ni ustaarabu wa kawaida.

Mteja kutoka bara huja na desturi nyingine. Husimama mlangoni na kusema, "Nipe sukari kilo mbili." Masikioni mwa mzee wa Mvita, hilo ni agizo la bwana kwa mtwana. Kwa aliyelisema, ni Kiswahili cha kawaida kisicho na dharau hata chembe, kwa kuwa katika lugha yake ya kwanza ombi hutamkwa hivyo hivyo.

Hapo ndipo wateja wengi hupotea bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Muuzaji hukunja uso na kujibu kwa mkato, naye mteja huondoka akisimulia kwamba watu wa Pwani wana maringo. Mwenye duka anayeelewa chanzo cha tofauti hiyo hujibu kwa upole, "Karibu, kaka," na humpimia sukari yake. Mara ya tatu au ya nne, mteja huyo naye huanza kusalimu.

Msamiati nao una mitego yake. Kimvita ni lahaja yenye fahari, na hata jina la barabara maarufu ya Ndia Kuu limetoka humo, kwa maana ya njia kuu. Lakini mtu wa Nairobi akiambiwa mbatata huenda asijue kwamba ni viazi anavyovitafuta, na anayeuliza mandazi huenda akapewa mahamri, akalalamikia iliki na nazi asizozitarajia. Vipimo pia hutatiza. Mmoja amezoea pishi na kibaba, mwingine kilo, mwingine gorogoro.

Si lazima mfanyabiashara aiache lahaja yake. Kinachotakiwa ni kutaja majina yote mawili na kuonyesha kipimo kwa macho kabla ya kufunga mzigo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mabango mengi ya maduka madogo yameandikwa kwa Kiingereza pekee, kana kwamba mteja wa kwanza ni mtalii na mwenyeji ni wa ziada.

Mgeni na bei ya sura

Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, iliorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2011. Wageni wanaoizuru ndio tegemeo la wauza vinyago, viungo na vikoi katika mitaa inayoizunguka. Tegemeo hilo limetikisika mara kadhaa. Mnamo Mei 2014, baada ya Uingereza kutoa tahadhari ya usafiri kuhusu Mombasa, mamia ya watalii Waingereza waliondolewa Pwani kabla ya likizo zao kumalizika.

Wageni wanapopungua, kila mmoja anayetokea huzingirwa. Watu watatu humwita kwa pamoja, wa nne humshika mkono, wa tano humfuata hadi kichochoro cha pili. Kila mmoja wao anatafuta riziki ya halali, lakini jumla ya juhudi zao ni kumfukuza mnunuzi. Mgeni anayeogopa kusimama hatatazama bidhaa, na asiyetazama hatanunua.

Linganisha na muuza kahawa chungu anayepita jioni na dele lake. Hugonganisha vikombe mara mbili tatu, na kila aliye barazani hujua kwamba amefika. Anayetaka humwita. Asiyetaka haudhiki.

Tatizo kubwa kuliko kelele ni bei. Katika maduka mengi bei haiandikwi, na hutajwa kwa kutazama sura, mavazi na lafudhi ya mteja. Mzungu hutajiwa yake, mtu wa Nairobi yake, na mwana wa mtaa yake. Wanaotetea desturi hiyo husema kwamba kupatana bei ni sehemu ya utamaduni, ni mazungumzo yanayojenga ujamaa, na kwamba mwenye nacho amlipie asiye nacho.

Utetezi huo una ukweli ndani yake. Kupatana ni mazungumzo, na mnunuzi hodari hufurahia. Lakini mazungumzo huhitaji watu wawili wanaojua kanuni zake. Kwa asiyezijua, kugundua baadaye kwamba alilipa mara tatu ya mwenzake ni sawa na kudanganywa, na siku hizi haishii kulalamika kwa jamaa zake wawili. Huandika kwenye intaneti, na wanaopanga safari ya mwaka ujao husoma.

Duniani suala hili lilishughulikiwa zamani. Duka la Bon Marché mjini Paris, chini ya Aristide Boucicaut kuanzia mwaka 1852, lilijenga jina lake kwa kuandika bei moja kwa watu wote na kukubali bidhaa irudishwe. Wakati huo maduka mengi ya Ulaya yalikuwa bado yakipatana bei kama yanavyofanya ya Mombasa. Wateja walimiminika kwa kuwa waliweza kuingia, kutazama na kutoka bila hofu.

Si lazima Mji wa Kale ufuate mkondo huo wote. Njia ya kati ipo: bidhaa ndogo za kila siku, kama viungo, achari, mabuyu na vitafunio, ziandikwe bei, bidhaa kubwa zenye kazi ya mikono, kama makasha na vinyago, ziendelee kupatanwa, ila bei ya kuanzia iwe moja kwa wote. Isitoshe, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa au huduma anayoinunua.

Simu, saa na ukimya

Mabadiliko makubwa zaidi yameletwa na simu. Safaricom ilizindua M-Pesa Machi 2007, na ikaleta huduma ya Lipa na M-Pesa kwa wafanyabiashara mwaka 2013. Malipo ambayo zamani yalihitaji mteja kuvuka feri sasa hufanywa akiwa sebuleni kwake.

Umuhimu wa jambo hilo ulidhihirika wakati wa janga la corona. Mnamo Mei 6, 2020, serikali ilipiga marufuku watu kuingia na kutoka Mji wa Kale, kama ilivyofanya katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi. Masoko na mikahawa ya eneo hilo ilifungwa, na marufuku hayo yaliondolewa mapema Juni. Katika mwezi huo mmoja, mfanyabiashara aliyekuwa na nambari za wateja wake aliweza angalau kuwaambia hali yake na kuchukua maagizo ya baadaye. Asiyekuwa nazo alitoweka machoni pao, na wengine walipata duka jingine.

Lakini simu ina adabu zake. Ya kwanza ni kujibu. Mteja anayeandika ujumbe saa tatu asubuhi akajibiwa kesho yake jioni hukuta amekwisha kununua kwingine. Anayejibiwa "bidhaa hiyo imekwisha, itafika wiki ijayo" huweza kusubiri. Ukimya ndio usiosubirika, kwa sababu mteja hawezi kutofautisha mtu mwenye shughuli nyingi na mtu asiyejali.

Ya pili ni saa. Mwenyeji akiandika "nitakuletea saa nne", amekusudia saa nne za asubuhi. Mteja aliyezoea kuhesabu kwa Kiingereza, hasa kijana au mtu wa ughaibuni, husoma nne akafikiria alasiri. Mmoja hufika na mzigo, mwenzake hayuko; lawama huanza, na kila upande una haki. Kuongeza neno asubuhi, alasiri au usiku hakugharimu chochote.

Ya tatu ni kufunga duka. Maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa wakati wa sala ya Ijumaa, na saa za kazi hubadilika katika mwezi wa Ramadhani. Wenyeji hawahitaji kuambiwa. Mgeni aliyetoka Nyali kwa tuktuk akakuta mlango umefungwa bila maelezo yoyote hajui kama mwenyewe amekwenda msikitini, amehama au amefilisika. Kibao kidogo chenye saa za kufungua na nambari moja ya simu kingemrudisha alasiri.

Kanzu ya Idi

Ikiwa kuna mahali ambapo uhusiano wa fundi na mteja hupimwa vikali, ni katika wiki ya mwisho ya Ramadhani. Mafundi wa nguo huwa wamepokea maagizo ya kanzu na mabuibui kupita uwezo wa cherehani zao. Kila anayekuja kuuliza huambiwa "njoo kesho". Kesho hiyo hufuatwa na nyingine, hadi usiku wa kuandama kwa mwezi, ambapo mzazi husimama mlangoni na mtoto asiye na nguo ya sikukuu.

Ni rahisi kumlaumu fundi kwa uongo. Lakini tatizo lina mzizi wake. Fundi mwingi hana akiba ya kununulia vitambaa, uzi na vifungo. Arubuni anayopokea kwa mteja wa leo ndiyo inayomwezesha kumaliza kazi ya mteja wa wiki iliyopita. Kukataa agizo ni kukataa mtaji. Kwa hivyo anasema ndiyo mahali ambapo alipaswa kusema la.

Hesabu ya muda mrefu, hata hivyo, haimpendelei. Mteja aliyeambiwa ukweli wiki mbili kabla ya Idi anaweza kutafuta fundi mwingine, na kwa kawaida humheshimu aliyemweleza. Aliyevunjiwa ahadi usiku wa sikukuu harudi, na nyumba yake yote hairudi. Ahadi ni deni, na deni la aina hii halina malipo, kwa sababu Idi haiahirishwi.

Njia ya kujinasua ni kuweka kikomo cha maagizo na kukitangaza mapema: kwamba baada ya siku fulani ya mwezi wa Ramadhani kazi mpya hazipokelewi. Na pale dharura inapotokea, kama umeme kupotea au cherehani kuharibika, habari mbaya impate mteja kabla hajatoka nyumbani kwake. Habari mbaya iliyotangulia husameheka. Iliyogunduliwa mlangoni huwa hadaa, hata kama sababu yake ni ya kweli.

Lawama na madeni

Waswahili husema biashara haigombi. Maana yake ni kwamba muuzaji anayeshinda mabishano na mteja wake amepoteza zaidi ya alichokishinda. Mteja anayerudi na malalamiko ni mteja anayetaka kuendelea kununua. Aliyekata tamaa hasemi kitu, huhama tu. Kumsikiliza hadi amalize, pembeni na si mbele ya halaiki, kisha kumweleza kinachowezekana na kisichowezekana, ndiko kunakomweka.

Stakabadhi nyingi zina maneno kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Wenye maduka wengi huyachukulia maneno hayo kuwa ngao. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha, na haki inazompa mnunuzi haziondolewi kwa kuandikiana. Aliyeuziwa kitu kibovu kwa kuelezwa kuwa ni kizima hafungwi mdomo na karatasi. Ni busara zaidi kuandika ni siku ngapi bidhaa inaweza kubadilishwa, na kwa masharti gani.

Deni nalo ni mazungumzo magumu. Duka la mtaa huishi kwa kukopesha, na kukopa ni harusi ilhali kulipa ni matanga. Wako wanaonyamaza hadi deni likawashinda, na wako wanaolitaja mbele ya watu barazani kwa hasira. Wote wawili hupoteza pesa na jirani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hivyo deni liandikwe mbele ya mkopaji, siku ya kulipa itajwe siku hiyo hiyo, na ukumbusho upelekwe kwa ujumbe wa faragha. Aliyeona jina lake likiandikwa na tarehe ikitajwa hakasiriki akikumbushwa.

Siri ya mteja

Liko jambo jipya ambalo wafanyabiashara wengi wadogo hawajalitilia maanani. Mpaka hina humpamba bi harusi, hupiga picha mikono na miguu yake, na huiweka kwenye mtandao ili wengine waone kazi yake. Mshonaji wa mabuibui hufanya vivyo hivyo. Nia ni kutangaza, lakini mwenye mwili hakuulizwa.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamzuia mfanyabiashara kutumia habari za mtu kwa faida ya kibiashara bila idhini yake. Si sheria ya makaratasi tu. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza sehemu moja ya burudani jijini Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Sheria ya Biashara Ndogo ilipopitishwa mwaka 2012, biashara ya ngazi ya chini kabisa ilikuwa ile ambayo mapato yake hayakuzidi Sh500,000 kwa mwaka. Faini kama hiyo ingemeza mauzo yake ya zaidi ya miaka mitatu.

Mbali na sheria, kuna heshima. Katika jamii ya Mji wa Kale, ambapo sitara ni jambo kubwa, picha ya bi harusi iliyosambaa inaweza kuzua mtafaruku katika nyumba mbili. Kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kukubali jibu la la bila kununa, ni sehemu ya huduma. Kadhalika, nambari ya simu aliyoitoa mteja ili apelekewe mzigo wake si kibali cha kumtumia matangazo kila alfajiri.

Mwenye duka atakayeandika bei zake, akajibu ujumbe siku hiyo hiyo, akataja saa kwa ukamilifu wake, akakataa kazi asiyoiweza na akaomba idhini kabla ya kupiga picha, hatakuwa ametumia hata shilingi elfu moja. Lakini mteja aliyeko Changamwe, Nairobi au Muscat atakuwa amepata kile ambacho jirani wa zamani alikipata kwa kuketi naye barazani, yaani sababu ya kuliamini neno lake. Chema bado kina soko Mombasa. Kwa asiyeweza kukiona, kinahitaji mtu wa kukisemea kwa ukweli.